Gari la fowili kwa familia ya Bujumbura: mlima kwanza, tope baadaye

Kabla hujaenda kuangalia gari lolote, kaeni mezani, wazazi na watoto, muandike mnataka kwenda kulala wapi. Msiandike majina ya mbuga peke yake. Andikeni na barabara. Rumonge na Nyanza-Lac ni RN3, kandokando ya ziwa, tambarare karibu mwanzo hadi mwisho, ingawa mahali pengine maji ya Tanganyika na mvua vimeila lami. Kibira ni kupanda RN1 hadi Bugarama, halafu kuingia upande wa Teza kwenye mashamba ya chai. Rutovu, kwenye chemchemi ya kusini kabisa ya Nile iliyojengewa piramidi mwaka 1938, na maporomoko ya Karera upande wa Rutana, ni mlima kwanza kisha mabonde. Ruvubu, mbuga kubwa kuliko zote nchini, kilomita za mraba 500 na ushei, iko upande wa mashariki: mnapita Gitega, halafu mnaendelea kuelekea Muyinga au Cankuzo.

Mkimaliza kuandika mtaona kwamba sehemu kubwa ya kila safari ni lami. Nchi yetu ni ndogo, kilomita za mraba 27,834, na barabara kuu zimewekwa lami. Udongo mwekundu unaanza kwenye kilomita za mwisho, na hapo ndipo fowili inapohitajika. Lakini kati ya nyumba yako na huo udongo umesimama mlima. Bujumbura iko mita 770 na kitu juu ya usawa wa bahari, na Bugarama iko juu ya mita 2,000. Ndani ya kilomita thelathini na kitu gari linapanda zaidi ya mita 1,200, limejaa watu, hema, magodoro na madumu ya maji, nyuma ya lori linalotambaa, na jua la saa nane likichoma boneti. Jioni ya kesho yake linashuka njia hiyo hiyo na mzigo ule ule.

Ndiyo maana nasema fowili za mjini hapa haziuawi na tope. Zinauawa na lami ya mlima: silinda hedi inapasuka wakati wa kupanda, breki zinaungua wakati wa kushuka. Muuzaji atakuonyesha kirungu cha pili cha gia, taa za juu ya bodi na tairi zenye meno. Wewe ulizia rejeta na breki.

Mafuta yanachagua gari kabla yako

Kila mkazi wa Bujumbura anaijua foleni ya petroli, kwa hiyo sitaieleza. Nitasema tu inavyobadilisha hesabu ya mnunuzi. Tuseme mnakwenda Ruvubu na kurudi, pamoja na kuzunguka ndani ya mbuga: kilomita 500. Gari linalokunywa lita 15 kwa kilomita 100 litataka lita 75. Linalokunywa lita 9 litataka lita 45. Nchi nyingine, tofauti ya lita 30 ni pesa tu. Hapa ni siku nzima kituoni, au ni safari iliyoahirishwa huku watoto wameshafunga mabegi.

Kwa hiyo uliza mambo mawili kwa pamoja: gari linakunywa kiasi gani, na tangi lake linabeba kiasi gani. Gari zuri kwa hali yetu ni lile linaloweza kwenda hadi mwisho wa safari na kurudi kwa tangi moja lililojazwa nyumbani. Prado nyingi zina tangi la lita 87 au 90. Zinakunywa sana, lakini zinafika na kurudi. RAV4 ina tangi la lita 60 hivi, na kwa kuwa inakunywa kidogo, nayo inafika. Gari la kuogopa ni lenye tangi dogo na kiu kubwa, maana litakulazimisha kubeba madumu ya petroli. Petroli ndani ya gari lenye watoto usiibebe, hata kwa safari fupi. Mvuke wake unatoka hata dumu likiwa limefungwa, na dumu lililojazwa kwenye joto la ziwani linavimba zaidi likifika mlimani.

Kuna na jambo la ubora. Mafuta yanapoadimika watu hununua ya chupa na ya dumu, yaliyopita mikono mingi, na huko ndiko maji, uchafu na mchanganyiko vinakoingilia. Injini ya petroli ya zamani itakohoa kisha itaendelea. Injini ya dizeli ya zamani yenye pampu ya kawaida, kama 1HZ ya Land Cruiser, nayo ina uvumilivu. Lakini dizeli za kisasa, zinazofyatua mafuta kwa shinikizo kubwa sana kupitia matundu madogo ya nozeli, hazisamehe. Nozeli nne zikiharibika kwa tangi moja la dizeli chafu, bei yake itakufanya usahau habari za hema. Ukiamua kununua gari la namna hiyo, weka chujio la ziada la kutenga maji, na likague kila mwezi.

Magari yenyewe

Nitaanza na lile ambalo wengi hulidharau. RAV4 inatosha kwa familia ya watu wanne inayokwenda Rumonge, Kibira na Rutovu wakati wa kiangazi. Haina gia nzito, ile inayoandikwa 4L kwenye Prado, na tumbo lake haliko juu sana, lakini ni nyepesi, na wepesi ni nusu ya ushindi kwenye mlima wetu. Tahadhari ni tatu. Kwanza, si kila RAV4 ni fowili. Zile za 1.8 za kati ya 2000 na 2005 husukumwa na matairi ya mbele peke yake. Usiamini nembo ya mlangoni. Piga magoti, tazama chini: kama hakuna propela inayokwenda nyuma na hakuna difu kati ya magurudumu ya nyuma, umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Pili, za 2.0 za miaka hiyo hiyo zilizotoka Japani na injini yenye alama ya D-4 zina mfumo wa petroli unaodai usafi ambao mafuta yetu hayana. Tatu, toleo lililofuata, lenye injini ya 2.4, lina tabia ya kunywa oili. Vuta kijiti cha oili kabla ya kuuliza bei.

Prado ndiyo gari ambalo familia nyingi zinalitaka, na sababu zipo. Lina viti vya watu saba, lina 4L, lina kufuli ya difu ya kati, na hakuna fundi wa Buyenzi asiyelifahamu. Ila “Prado” ni jina la magari mengi tofauti. La kwanza kulikuta kwa bei ya kueleweka ni 90, lililotengenezwa kuanzia 1996 hadi 2002. Mengi yana dizeli ya 1KZ, lita 3.0 yenye tabo. Ni injini yenye nguvu ya kutosha mlimani, kwa kuwa tabo haiishiwi pumzi kwenye hewa nyepesi kama injini isiyo nayo, lakini hedi yake ya aluminiamu haivumilii joto. Ikichemka mara moja vizuri, inapasuka kati ya valvu. Prado 90 nyingi za 1KZ zilizokaa Burundi miaka mingi zimeshabadilishwa hedi, na hilo peke yake si kosa. Swali ni nani alibadilisha, kwa hedi gani, na kama rejeta ilibadilishwa pia. Hedi mpya juu ya rejeta iliyoziba ni pesa iliyotupwa.

Prado 120, la kuanzia 2002 hadi 2009, ni gari la starehe zaidi. Dizeli yake ya 1KD ni tamu kuendesha na inakunywa kidogo, ila ndiyo ile ya nozeli nilizozitaja. Asubuhi ikiwashwa baridi, ikagonga kama nyundo ndogo na kutoa moshi mweupe kwa dakika kadhaa, nozeli au sili zake zimechoka. Sili hizo zikivuja, masizi huingia kwenye oili na kuziba chujio la chini la pampu ya oili, na injini inakufa kwa kiu huku kijiti kikionyesha oili imejaa. Mimi kwa mji huu napendelea lenye petroli ya 2.7. Ni zito kupanda, halina haraka, litakunywa lita 13 hadi 15. Lakini linatumia mnyororo badala ya mkanda wa taimingi, halina tabo, halina nozeli za dizeli, na fundi wa kawaida analimaliza kwa spana za kawaida. Kwa familia ya watu watano hadi saba ndilo chaguo langu la kwanza.

Kuhusu Hardtop, ile Land Cruiser ndefu ya mashirika: ni gari la kazi lisilo na mpinzani, na mara nyingine mashirika na balozi huyauza kwa mnada yakiwa yametunzwa kwa kitabu, usukani uko kushoto na kilomita ni za kweli. Lakini fungua mlango wa nyuma utazame viti. Kama ni mabenchi mawili yanayotazamana, bila mikanda, hilo si gari la watoto. Kwenye kona za kushuka Bugarama mtoto aliyekaa kwenye benchi la pembeni hana kitu cha kumzuia. Ama ubadilishe viti, viwe vya kutazama mbele na vyenye mikanda ya nukta tatu, ama uliache.

Mengine nayapita haraka. Series 80 ni imara na inakunywa ipasavyo. Hilux ya kabini mbili hubeba mizigo vizuri, ila kiti cha nyuma kimesimama wima na watoto watalalamika kabla hamjafika Muramvya. Suzuki Escudo ya toleo lililoanza 2005 ni jibu zuri kwa watu watatu au wanne wanaotaka 4L bila kiu ya Prado. Jimny ni ndogo mno kwa familia. Pajero, Patrol na Land Rover ni magari mazuri. Kabla ya kulipa, nenda kwenye maduka ya vipuri ukaulize bei ya pampu ya maji na diski za breki za gari hilo hilo. Ukiambiwa “tutaagiza”, umeshapata jibu.

Usukani na taa

Burundi tunapita kulia, lakini magari mengi yanayotoka Japani kupitia bandari ya Dar es Salaam yana usukani kulia pia. Tumezoea, na mazoea hayo yanaua watu. Ukiwa nyuma ya lori kwenye RN1, dereva wa usukani wa kulia haoni mbele mpaka gari zima liwe limeshatoka upande wa pili. Jicho lako ni abiria wa mbele kushoto, kwa hiyo kiti hicho asikae mtoto wala mtu wa kusinzia. Akae mtu mzima anayejua kusema “bado” na “sasa”, na dereva akubali kwamba “bado” haina mjadala. Mlimani kuna na waendesha baiskeli: wanaopanda wakiwa wameshikilia lori kwa mkono mmoja, na wanaoshuka mbio na mikungu ya ndizi au magunia ya mkaa. Usipite lori kabla hujajua nani ameng'ang'ania nyuma au ubavuni mwake.

Jambo ambalo karibu hakuna anayeliangalia ni taa. Taa za gari lililotengenezwa kwa nchi zinazopita kushoto, zikiwa zimeshushwa, humulika juu zaidi upande wa kushoto, penye ukingo wa barabara yao. Kwetu upande huo ndiko magari yanakotokea. Kwa hiyo unamtia upofu anayekuja, na upande wako wa kulia, wanakotembea watu na baiskeli zisizo na taa, unaachwa gizani. Dawa ni kutafuta taa za toleo la usukani wa kushoto. Za Prado na RAV4 hupatikana. Usiku wa kwanza, simama mita chache mbele ya ukuta, ushushe taa, utazame upande upi mwanga umepanda.

Usukani wa kushoto ni bora kwa nchi yetu, na ukiupata kwenye gari zima, ongeza pesa kidogo bila kinyongo. Kama safari zenu nyingi ni za Kigoma au za ndani zaidi Tanzania, basi usukani wa kulia unageuka kuwa faida mara tu mnapovuka mpaka wa Mugina.

Siku ya kuliangalia

Tafuta fundi wako mwenyewe. Fundi aliyeletwa na dalali ni wa dalali. Mlipe siku yake kabla hajaliona gari, ili chakula chake kisitegemee wewe kununua. Muuzaji aambiwe asiliwashe kabla hamjafika. Mkifika, kabla ya salamu kuisha, weka kiganja juu ya boneti. Kama ni ya moto atakuambia, “Mzee, nilitaka tu kukurahisishia.” Mshukuru, mwambie utarudi kesho asubuhi. Injini iliyopashwa moto inaficha karibu kila ugonjwa niliokwisha kuutaja.

Likiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta. Maji yawe safi na yawe na rangi ya dawa yake, kijani au nyekundu. Yakiwa ya kahawia kama chai, gari limeendeshwa kwa maji ya bomba na kutu imeshaanza kazi ndani. Yakiwa na macho ya oili juu, funga kifuniko, nenda nyumbani. Fungua na kifuniko cha oili ya injini: ute mweupe kama uji chini ya kifuniko unasema maji na oili vimekutana. Kisha liwashwe. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi mzito kwenye dizeli ni nozeli au chujio la hewa. Mweupe usiokwisha, wenye harufu tamu, ni maji yanayopita kwenye silinda.

Mwulize fundi kama temostati ipo. Ni desturi ya gereji nyingi, gari likichemka, kuing'oa temostati na kulirudisha kwa mwenyewe likiwa “limepona”. Halijapona, ugonjwa umefichwa. Dalili yake ni mshale wa joto unaopanda polepole mno asubuhi, na unaoshuka gari likiteremka.

Kutu nayo ina kwao. Magari yaliyoishi kaskazini mwa Japani, kunakomwagwa chumvi barabarani wakati wa theluji, huoza chini huku juu yaking'aa. Gonga chesisi kwa bisibisi, hasa upande wa nyuma na mahali pa kushikia springi. Sisi tuna tatizo letu pia: mafuriko. Tangu 2020 maji ya Rusizi na ya ziwa yameingia Gatumba na Kajaga zaidi ya mara moja, na magari yaliyolala ndani ya maji hayo yalikaushwa, yakaoshwa, yakauzwa. Inua zulia la chini ya viti usikie harufu, tafuta matope makavu kwenye mifereji ya viti. Vuta mkanda wa usalama mpaka mwisho wake: alama ya maji inabaki kule ambako hakuna aliyekumbuka kufua. Mwambie fundi alegeze bolti ya difu ya nyuma atoe matone ya oili. Ikitoka kama maziwa ya kahawia, maji yaliingia.

Mita ya kilomita usiitegemee. Itazame pamoja na pedali za breki, ngozi ya usukani na kiti cha dereva. Gari la kilomita 90,000 haliwi na pedali iliyolika mpira. Tairi nazo zina tarehe yake, tarakimu nne ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi yenye meno mazuri iliyozeeka inapasuka kwa joto, na familia iliyojaa gari ni mzigo unaoleta joto hilo.

Fowili yenyewe ijaribiwe kwenye udongo au changarawe, usiifanyie mchezo kwenye lami kavu, maana ukifunga difu ya kati na kukata kona kwenye lami unaumiza gia. Weka 4L, nenda mbele, rudi nyuma, kata kona pole. Taa yake iwake na izimike inavyotakiwa. Gari ambalo mwenyewe anasema “hiyo huwa hatuitumii” mara nyingi ni gari ambalo hiyo haifanyi kazi.

Halafu Bugarama

Hapa sikupi ruhusa ya kuruka. Weka watu wazima wanne ndani, washa kiyoyozi, panda RN1 saa za jua. Mshale wa joto utazame, lakini usiuamini peke yake. Kwenye Toyota nyingi unakaa katikati kwa muda mrefu hata injini ikianza kuumia. Amini pua yako, na amini tangi dogo la maji. Mkifika juu, liache likinguruma dakika kumi bila kulizima. Feni isikike. Kisha zima, subiri lipoe, mtazame kama maji yamepungua au yamesukumwa nje.

Kushuka ndiko mtihani wa pili. Shuka kwa gia ya pili au ya tatu, hata kama ni otomatiki, na uguse breki kwa muda mfupi mfupi. Gari likikataa kushikwa na gia, au pedali ikianza kuwa laini, au harufu ya kuungua ikapanda kabla hamjafika nusu ya mlima, breki hizo zinahitaji kazi kabla ya bei kuzungumzwa. Usukani ukitikisika unapogusa breki, diski zimepinda kwa joto: mwenye gari aliwahi kushuka kwa breki tupu, na huenda aliendesha hivyo miaka yote.

Muuzaji akikataa jaribio hili kwa sababu ya petroli, mwambie utaijaza wewe. Akikataa bado, ameshakuambia yote.

Karatasi

Namba ya chesisi iliyo kwenye chuma ilingane na ile ya karti rozi, tarakimu kwa tarakimu, na jina la karti rozi liwe la mtu unayezungumza naye au awe na hati ya kumwakilisha. Kama gari lilikuwa la shirika au ubalozi, huenda liliingia bila kulipiwa ushuru. Nenda OBR, mamlaka ya mapato, ukahakikishe umelipwa, la sivyo utaulipa wewe siku ya kubadilisha jina. Kontroli tekiniki iwe hai, na bima pia. Mkipanga kuvuka kwenda Tanzania, mwombe mtu wa bima kadi ya njano ya COMESA kabla ya safari. Na kwa wanaoota Gombe, kumbukeni kwamba hakuna barabara ya gari inayofika huko. Gari linabaki Kigoma na ninyi mnapanda boti. Upande wa Rwanda, Burundi ilifunga mipaka ya nchi kavu Januari 2024, kwa hiyo msipange Nyungwe bila kuulizia hali ya mpaka wiki hiyo hiyo.

Mzigo

Wenye viti saba hugundua wakiwa tayari wamechelewa kwamba watu saba wakikaa, mabegi hayana mahali. Suluhisho la haraka ni keria ya juu, na keria ya juu ndiyo inayoangusha magari kwenye kona. Juu weka vyepesi tu: hema, magodoro, mikeka. Maji yakae chini, kati ya magurudumu. Lita 40 ni kilo 40. Jiko la mkaa lisirudishwe ndani mpaka likae baridi usiku kucha, hata kama limezimwa kwa maji. Chukua jeki inayofaa udongo laini pamoja na kipande cha ubao cha kuiwekea chini, kamba ya kuvutia, pampu ya upepo, na sepetu fupi. Sepetu imeokoa safari nyingi kuliko winchi ninazoziona zikizeeka kwenye bampa za mjini.

Kwenye udongo mwekundu uliolowa, fowili inakusaidia kwenda, haikusaidii kusimama. Familia yenye watoto wadogo ipange safari za udongo Juni hadi Agosti, na miezi ya mvua ibaki kwenye lami. Mkilala karibu na Rusizi au Ruvubu, hema liwe mbali na maji na mbali na njia iliyokanyagwa ukingoni, kwa kuwa kiboko hutoka usiku kula majani na hurudi kwa njia yake ile ile. Na popote mtakapolala nje ya hoteli, mwenyeji wa kwanza kumuona ni mkuu wa kilima, kabla ya kushusha hata begi moja.

Gari likishakuwa lako, usilipeleke mlimani wiki hiyo. Badilisha oili zote, za injini, gia boksi, transfa na difu zote mbili. Safisha rejeta, weka dawa mpya ya maji na mabomba mapya. Kama injini ina mkanda wa taimingi na huna risiti ya lini ulibadilishwa, uhesabu umeshapita kilomita 100,000, ubadilishe. Kwa sababu ya kazi hii, usiingie sokoni na pesa yote ya gari; tenga sehemu ya tano kwa gereji, na kama haitoshi, shuka daraja moja la gari. Kisha safari ya kwanza iwe Rumonge, kilomita 75 hivi za tambarare, usiku mmoja, mkiwa karibu na mafundi. Bugarama mwende mwezi unaofuata.